Siku Wall Street ilipodondoka: mliokuwa na hisa 2008 Nakuru na Kisumu, mlifanyaje?

MzeeWaLangalanga (mwenye uzi)

Hamjambo wadau. Kijana wangu yuko Nairobi, ananunua hisa za Marekani kwa simu. Juzi saa sita usiku kanipigia, sauti imemkauka: "Baba, kila kitu ni chekundu, niuze?" Mama yake alishaanza kutafuta leso, akidhani kuna msiba. Nikamwambia kijana alale kwanza tutaongea kukicha. Yeye sijui kama alilala. Mimi sikulala, nilikuwa nimerudi Nakuru ya 2008.

Kwa wale mliokuwa bado mnavaa kaptula: Machi 28, 2008 serikali ilifungua uuzaji wa asilimia 25 ya Safaricom. Hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Kibaki na Raila watie sahihi mkataba wa amani baada ya vurugu za uchaguzi. Hapa Nakuru watu walikuwa kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho, na bado foleni za fomu mjini zilikuwa ndefu kama za kupiga kura. Tulisukumwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Mwaka 2006 iliuzwa kwa 11.90, na ilipoingia sokoni ikapanda zaidi ya mara mbili. Kila mtu Langalanga alikuwa na jirani aliyenunua ploti kwa KenGen, au alidai anaye.

Nilikuwa mwalimu wa msingi. Nikachukua mkopo wa laki mbili kwenye sako, nikajaza fomu ya hisa 40,000. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano, kwa hiyo nikagawiwa elfu nane na nusu hivi. Pesa zilizobaki zilirudi, ila zilirudi kwa mwendo wa kobe, na riba ya sako haimsubiri kobe. Juni 9 hisa zikaanza kuuzwa, zikavuka 7. Mke wangu akasema uza. Nikamwambia hajui biashara. Nilikuwa nangoja 15.

Halafu ikaja Septemba. Tarehe 15 Lehman Brothers, benki ya tangu 1850, ikaomba kufilisika. Tarehe 29, Jumatatu, bunge la Marekani likakataa mpango wa dola bilioni 700 wa kuokoa mabenki, kura 228 kwa 205, na Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikaanguka pointi 777 kabla ya soko kufungwa. Kwetu ilikuwa saa tano usiku. Asubuhi yake chumba cha walimu kilikuwa kama matanga. Hakuna aliyekuwa anajua Lehman ni nani, lakini kila mmoja alikuwa anamlaani kwa jina.

Sikuuza siku hiyo. Wala Oktoba. Nilingoja mpaka Machi 2009, bei ikiwa chini ya 3, makato ya mkopo yananikaba, ndipo nikauza. Nikatoka na kama elfu ishirini na tatu baada ya dalali kukata chake. Baadaye ndiyo nikaja kusoma kwamba mwezi ule ule, tarehe 9, ndipo Dow ilipofika chini kabisa, 6,547, na kutoka hapo ikaanza kupanda. Yaani niliuza wakati ambao hata mjinga angengoja kidogo.

Ninyi mlifanyaje? Na huyu kijana nimwambie nini?

Dogo_Milimani

Ngoja nivute kiti.

Karani_Mstaafu

Mwalimu, shikamoo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaunta. Nilikuwa karani kwa wakala wa dalali wa hisa hapo Nakuru mjini, kwa hiyo niruhusu nikusahihishe kidogo, halafu nikusimulie.

Kusahihisha: Lehman hakutuua. Lehman alimkuta mgonjwa kitandani. Fahirisi ya NSE 20, kipimo cha bei za hisa 20 za soko la Nairobi, ilifika kilele Januari 2007, zaidi ya pointi 6,000. Mwaka 2007 ulipoisha ilikuwa imeshateremka hadi 5,400 na kitu, na hiyo ni kabla vurugu za uchaguzi hazijatafuna chochote. Kisha madalali wakaanza kuanguka, mmoja 2007 na mwingine Machi 2008, na wateja wakaanza kuuliza hisa zao ziko kwa nani. Halafu ikaja hiyo IPO yenyewe, yaani uuzaji wa kwanza wa hisa za Safaricom kwa umma. Hapa ndipo watu wengi hawafikirii. Watu waliuza hisa za kampuni nyingine ili wapate pesa ya kujaza fomu. Soko lilijikausha lenyewe. Ndipo tufani ya New York ikafika. Mwisho wa 2008 tulikuwa kama 3,500, na Machi 2009 tulikuwa chini ya 2,500. Ukitoka 6,000 ukafika hapo, hata kama huna hesabu, unajua nyumba imebaki bila paa.

Na kwa nini New York itushike sisi? Kwa sababu sehemu kubwa ya zile hisa za 2008 ilitengewa wawekezaji wa nje. Mtu wa London akibanwa kwake hauzi anachotaka kuuza, anauza kinachouzika. Cha kwetu kilikuwa kinauzika.

Sasa kaunta. Oktoba ile watu walikuja kwa makundi matatu. Wa kwanza ni wakulima wa ngano kutoka Njoro. Hao walikuja na makoti yao, wakauliza bei, wakanyamaza, wakaondoka. Wameshaona mvua ikikataa, bei ya hisa si kitu cha kuwatoa jasho. Wa pili ni kina mama wa vyama. Walikuja wote kumi na tano pamoja, wakataka niwasomee karatasi ya CDS, ile akaunti inayoonyesha hisa zako, mbele ya mweka hazina wao, kwa sababu walishuku amewaibia. Ilinichukua saa nzima kuwaeleza kwamba hisa ni zile zile, bei ndiyo imepungua. Mmoja akaniuliza, "Sasa kilichopungua kimeenda wapi?" Mpaka leo sijapata jibu zuri la swali hilo.

Wa tatu ni waliokopa. Hao uliwajua kabla hawajafungua mdomo. Walitaka kuuza leo, saa hii, na ukiwaambia ili uuze lazima kuwe na mtu wa kununua, walidhani unawaficha. Mzee mmoja wa Bahati alinirudishia karatasi yake, akasema, "Mpelekeeni Safaricom, mwambieni nimeghairi." Nilimpa chai.

NyaKondele

Hahaha, "nimeghairi". Mzee wa watu.

Mimi niwaambie ya Kisumu, maana mnaongea kama Kenya nzima ilikuwa kwenye foleni. Kwetu wengi hawakununua. Kwanza pesa ingetoka wapi? Januari maduka yalichomwa, Oginga Odinga Street ilikuwa masizi matupu, mtu aliyekuwa na elfu kumi alikuwa anajenga kibanda upya. Pili ilikuwa siasa. ODM, chama cha Raila, walitaka kwanza ielezwe kampuni ya Mobitelea ni ya nani na ilipataje sehemu yake ya Safaricom upande wa Vodafone. Kwa hiyo ukinunua Kondele ulinunua kimya kimya, kama mtu anayeenda kwa mganga.

Na huo mporomoko, omera, sisi tuliusikia kama habari ya kampeni ya Obama. Redio ikisema benki imeanguka, watu wa Kibuye wanauliza, "Je, hiyo inamsaidia mtoto wetu?" Na ilimsaidia! McCain, mpinzani wake, alisimamisha kampeni Septemba ile akidai anaenda kushughulikia uchumi, vijana wa stendi wakacheka wiki nzima. Novemba 4 hatukulala. Kibaki akatangaza tarehe 6 ni sikukuu, Kogelo ng'ombe wanachinjwa. Miaka mingi baadaye mwanangu akaniambia kwamba Novemba 5, siku ile sisi tunacheza barabarani Kondele, Dow ilianguka pointi 486. Tulikuwa tunacheza, wao wanalia. Kila mtu na matanga yake.

Unga ndio uliotutoa machozi sisi. Mwaka ule ukiisha pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita mia. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumlilia Lehman.

Dogo_Milimani

Wazee kwa heshima zote, mnalilia nini? Safaricom ilivuka 40 mwaka 2021. Mwalimu na zile elfu nane na nusu ungekuwa na zaidi ya laki tatu, ukiacha magawio. Shida yenu hamkukaa. Soko likianguka unafunga macho, unakaa. Ni hivyo tu.

MzeeWaLangalanga

Ningekaa na nini? Sako walikuwa wanakata kwenye mshahara kabla sijauona. Wewe unahesabu kwa kalamu ya 2021, mimi nilikuwa nalipa kwa mshahara wa 2009.

Karani_Mstaafu

Na Dogo umesahau kumalizia hadithi. Hiyo hiyo iliyovuka 40, mwaka 2023 ilikuwa chini ya 15. Aliyenunua kileleni akafunga macho kama unavyoshauri, alipoyafungua alikuta theluthi.

Dogo_Milimani

Sawa mzee, hiyo imeingia.

MwalimuBungoma

Karani amesema vizuri, ila naona wote mnazungumza kama hisa huanguka kwa sababu ya Wamarekani. Huku kwetu tuna Mumias, kampuni ya sukari. Iliingia sokoni 2001, wakulima wa miwa wakaona ni yao. Haikuhitaji Lehman. Ilididimia pole pole kwa miaka, 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kudai madeni, na hisa zake zikaacha kuuzwa sokoni. Kuanguka kwa siku moja kunatisha kwa sababu kunatangazwa kwenye redio. Kuanguka kwa miaka kumi hakuna anayekupigia simu usiku.

Halafu wanafunzi wangu huniuliza 2008 ilianzaje. Huwa nawaambia hivi. Chukua sako inayokopesha kila mtu nyumba, hata asiye na mshahara, kwa sababu kila mwaka nyumba zinapanda bei, na akishindwa itauzwa. Sako hiyo haikai na madeni. Inayafunga pamoja kama mafungu ya sukuma wiki, mabichi na yaliyooza, inamuuzia mtu wa mbali. Wa mbali anayafungua, anayafunga upya, anamuuzia mwingine, na kuna mtu pembeni anayepiga muhuri kwamba mafungu yote ni mabichi. Mwingine tena anauza bima ya kwamba hayataoza. Siku bei ya nyumba inashuka, kila mtu anafungua fungu lake kwa wakati mmoja. Huyo muuza bima mkubwa alikuwa AIG, na siku moja tu baada ya Lehman serikali ya Marekani ilibidi imkopeshe dola bilioni 85 asife na wenzake.

Wanafunzi huelewa mpaka hapo. Swali lao linalonishinda ni kwa nini Lehman aliachwa na AIG akaokolewa siku iliyofuata.

MauaNaivasha

Mimi sikuwa na hisa hata moja, sikujua hata zinauzwa wapi. Lakini nililipa.

Nilikuwa kibarua kwenye shamba la maua Naivasha, upande wa kupanga waridi. Mnajua mwaka wetu unaishi kwa Februari 14. Januari huwa mnalala shambani, ovataimu usiku na mchana, hiyo ndiyo karo ya watoto ya mwaka mzima. Januari 2009 tulikuwa tunatoka saa kumi jioni. Msimamizi alisema Wazungu hawana pesa ya maua. Waridi tuliyapanga, mengine tukayatupa, yalikuwa yananuka vizuri sana kwenye shimo la takataka. Machi kandarasi ya wengi haikurudishwa, na mimi nikiwemo. Nikarudi kwa mama yangu Subukia na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo mkisema soko la hisa ni mambo ya wenye hisa, hapana.

NyaKondele

Pole mama. Hiyo ya waridi kwenye shimo nimeisoma mara mbili.

Dogo_Milimani

Hii yangu nifunge mdomo sasa. Lakini swali la mwenye uzi hakuna aliyejibu. Kijana auze au asiuze?

Karani_Mstaafu

Nilikuwa nalifikia. Mwalimu, kabla ya kumshauri lolote muulize kitu kimoja. Usimuulize amenunua nini. Muulize alinunua kwa pesa ya nani.

Nimeshuhudia maporomoko mawili nikiwa kazini na moja nikiwa nyumbani. Hilo la tatu ni la Machi 13, 2020, Ijumaa, siku ile walipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. NSE 20 ilishuka zaidi ya asilimia 5 mpaka biashara ikasimamishwa. Simu yangu ilipigwa na watu sita. Wanne niliwaambia wazime runinga. Wawili niliwaambia wauze, na hawakuamini kama ni mimi nasema. Hao wawili walikuwa na mkopo. Mtu wa mkopo hana anasa ya kungoja, na kila siku anayosema "itarudi" anailipia.

Bei ikishuka nusu kwa mtu aliyetumia akiba yake, amepoteza nusu na usingizi. Kwa aliyekopa, deni halijui kama bei imeshuka. Hesabu yako mwenyewe, mwalimu: ulilipia riba ya laki mbili, ilhali hisa ulizopata ni za elfu arobaini na mbili na mia tano. Ulishaumia kabla soko halijafunguliwa Juni. Wall Street ilikuja tu kukusomea hukumu.

MzeeWaLangalanga

Karani umenipiga pale pale. Miaka yote hii nimekuwa nikimlaumu Bush.

Nimempigia kijana sasa hivi. Kwanza alisema ni akiba yake. Nikanyamaza. Ukinyamaza kwenye simu mtoto wako hujaza kimya chenyewe. Akasema nusu ni akiba. Nusu nyingine ni mkopo wa simu, programu tatu tofauti, kwa sababu rafiki yake alimwonyesha faida ya mwezi uliopita. Tena mkopo wa mwezi mmoja! Mimi angalau wangu ulikuwa wa miaka mitatu.

Mama yake ameingilia: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Nimemwacha apite na hiyo, ana haki yake tangu 2008.

Dogo_Milimani

Programu tatu. Hapo auze za kulipa deni, aache za akiba. Hata mimi wa kufunga macho nasema hivyo.

MwalimuBungoma

Naunga mkono. Na asiuze saa ile soko linafunguliwa kila mtu akikanyagana mlangoni. Angoje vumbi litulie saa moja mbili, auze kwa bei aliyoitaja yeye. Kinachobaki akipe muda.

NyaKondele

Wazee kabla uzi haujazama, nina langu, na naomba Karani anisaidie.

Mume wangu alikuwa mvuvi Dunga. 2008 alikuwa anaweka pesa za injini ya mashua, elfu arobaini. Siku moja nikamuuliza injini iko wapi, akaniambia bei imepanda. Mwaka uliofuata akaniambia imepanda tena. Alifariki 2022. Mwaka jana nikihama nyumba nimefungua kopo la Kimbo, ndani kuna karatasi ya CDS imekunjwa mara nane, hisa 1,700. Na hundi tano za magawio hazijawahi kupelekwa benki. Moja ya 2009 ni ya shilingi 161 na senti hamsini.

Nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia. Kumbe injini ilikuwa ndani ya kopo. Alinunua kimya kimya, bei ikaanguka, akaona haya kuniambia. Miaka kumi na minne alikuwa anasingizia bei ya injini.

Dogo_Milimani

Mama, hizo 1,700 mwaka 2021 zilikuwa karibu elfu sabini...

NyaKondele

2021 nilikuwa namuuguza, mwanangu.

Dogo_Milimani

Nisamehe mama.

Karani_Mstaafu

Pole sana mama. Hundi ile ni sahihi kabisa: mgao wa mwaka ule ulikuwa senti 10 kwa hisa, 1,700 inakuwa 170, toa kodi ya asilimia 5, unabaki na 161.50. Watu wengi hawakuzipeleka benki kwa sababu nauli ya matatu kwenda mjini na kurudi ilikuwa karibu kumaliza pesa yote.

Sasa sikiliza. Hisa hazijapotea. Hundi zenyewe zimekufa, usihangaike nazo benki, lakini zitunze kama ushahidi. Magawio yasiyochukuliwa kwa miaka hupelekwa kwa mamlaka ya mali za fedha zisizodaiwa, inaitwa UFAA. Anza kwa kuuliza Huduma Centre hapo Kisumu. Utahitaji cheti cha kifo, kitambulisho chake na chako, na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Hiyo barua ndiyo kazi, mengine ni makaratasi. Bila hiyo hakuna dalali atakayegusa zile hisa. Na mtu yeyote akikuambia atakusaidia upesi kwa asilimia fulani, mwambie umeghairi.

NyaKondele

Hahaha, "nimeghairi". Asante baba. Nitaenda Jumatatu.

MauaNaivasha

Mama ukizipata uziuze ununue injini.

NyaKondele

Nani ataiendesha? Lakini nimeiwaza hiyo pia.

MzeeWaLangalanga

Taarifa kutoka Nairobi: kijana ameuza za kulipa mikopo miwili kati ya mitatu. Wa tatu nimemlipia mimi, mama yake asijue. Anasema ameondoa programu ya hisa kwenye simu ili asiwe anaangalia kila dakika. Simwamini, lakini jana usiku hakupiga.

NyaKondele

Niko Huduma. Nambari yangu ni 84, wameita 31. Aliye mbele yangu ana karatasi kama ya mume wangu, imekunjwa vile vile.